Uvimbe Umetoka, Mtoto Kazaliwa, Mbona Sasa Mmekaa Kimya?

  Leo ubuyu wa mastaa tuuweke pembeni kidogo. Nataka tumuongelee dada mmoja wa huku kwetu Ibadakuli, Shinyanga, ambaye wengi wenu mlimtumia emoji za mikono iliyokunjwa halafu mkaendelea na maisha. Jina simtaji, na msinifuate inboksi kuuliza ni nani, sitajibu. Wanaomjua wanamjua, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike ilimradi nisimuanike.

Kwa wasiopajua, Ibadakuli ndiko uliko uwanja wa ndege wa Shinyanga. Ni nje kidogo ya mji, watu wake wengi ni wa kawaida tu: wengine wanalima mpunga na dengu, wengine bodaboda, wengine waume zao wako Geita kwenye machimbo na wanarudi siku duara likitema. Huyu dada ni wa kundi hilo la mwisho. Mume yuko machimboni, yeye anauza chakula karibu na stendi, ana kikundi chake cha VICOBA, na mtandaoni ana wafuasi wake wa kutosha kwa sababu anajua kupika na ana maneno.

Basi akabeba mimba. Mwezi wa tano akapost picha, gauni la kubana, tumbo hilo! Kubwa kuliko miezi yake. Mkaanza: "Mapacha hao!" "Tunataka watatu!" Na wale wenye roho zao: "Huyo miezi anatudanganya, mimba ya nani hiyo?" Mume yuko Geita, si mnajua hesabu za watu.

Usiku mmoja akaamka na maumivu upande wa kulia, ya ghafla, makali, na kutapika juu yake. Wifi yake akasema ni chango, akaenda kuchemsha mizizi. Mungu ampe maisha marefu jirani mmoja aliyekataa kusubiri hiyo mizizi ichemke, akapiga 115. Kama hii namba huijui, simama kidogo uiandike kwenye simu yako. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wakipata dharura. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, wanatumwa madereva wa kawaida walioandikishwa kwenye maeneo yao. Shinyanga tumeutumia hata kabla haujasambazwa nchi nzima.

Altrasaundi ikaonyesha mtoto mmoja, mzima, anacheza. Na pembeni yake uvimbe kwenye ovari ya kulia, mkubwa, na ovari yenyewe imejisokota kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo yale maumivu. Akaingia chumba cha upasuaji kabla hakujakucha. Uvimbe ukatoka na ovari yake, mimba ikabaki. Miezi minne baadaye akajifungua mtoto wa kike mwenye mashavu, mmeyaona wenyewe.

Hapo ndipo mlipoishia nyie. "Mungu ni mwema." "Hongera mama." Mimi nataka tuanzie hapo hapo mlipoishia.

Kwanza tuelewane huu uvimbe ni kitu gani, maana niliyoyasoma kipindi kile yalinitoa jasho. Mwanamke ana ovari mbili, ndizo zinazotunza mayai. Uvimbe kwenye ovari wakati wa ujauzito si maajabu, na sasa hivi unaonekana zaidi kwa sababu watu wanapigwa altrasaundi. Mara nyingi ni kifuko cha maji ambacho ovari imekitengeneza yenyewe mwanzoni mwa mimba. Kazi yake ni kutoa homoni za kuilinda mimba mpaka kondo la nyuma liweze kujitegemea, na kikimaliza kazi huwa kinanywea chenyewe, mara nyingi kabla ya mwezi wa nne kuisha. Yaani kuna wanawake wamekuwa na uvimbe na hawatajua maisha yao yote.

Ikibaki na kuzidi kukua, ndipo madaktari wanaanza kuuangalia kwa karibu. Kama ni lazima kutoa na hakuna dharura, wanapendelea miezi ya katikati, kuanzia mwezi wa nne, kwa sababu hatari ya mimba kuharibika imepungua na tumbo la uzazi halijajaza nafasi yote. Ikijisokota kama ya dada yetu, hakuna cha kupendelea, ni muda ule ule. Na saratani? Ipo, lakini ni asilimia chache tu ya uvimbe wa ovari unaokutwa kwa wajawazito. Hata ikiwa saratani, si hukumu ya kifo kwa mama wala kwa mtoto. Kuna dawa za saratani ambazo mama anaweza kupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, chini ya wataalamu, na akajifungua mtoto mzima. Kwa hiyo yule aliyeandika "toa mimba ujiokoe" kwa uhakika kama vile ana digrii, naomba ajiheshimu. Uamuzi ule ni wa mama na daktari wake, mezani, na majibu ya vipimo yakiwepo.

Na wale wa "ovari moja, huyo hazai tena": ovari moja inatosha. Hedhi inaendelea, homoni zinaendelea, mimba inaingia. Hii nimeiandika peke yake kwa sababu nitairudia huko chini.

Sasa nije kwenye lililonisukuma niandike. Mnajua kwenye ule uvimbe kulikuwa na nini? Nywele. Na meno mawili.

Tulia kwanza. Kuna aina ya uvimbe inaitwa dermoidi, na kwa wasichana na wanawake wa umri wetu ni moja ya aina zinazoonekana sana. Inatokana na zile zile seli za mayai ambazo zina uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mtu. Seli zikikosea njia zinaanza kutengeneza vipande vipande bila mpangilio: ngozi, mafuta, nywele, wakati mwingine mfupa au jino. Wataalamu wanaijua miaka mingi, imo kwenye vitabu vyao, na karibu zote si saratani. Inaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kuhisi kitu.

Lakini ndugu aliyekuwa zamu ya kumuuguza alionyeshwa kilichotolewa, na hakuna aliyemkalisha chini kumueleza kama nilivyowaeleza nyie. Aliona nywele na meno yametoka tumboni kwa mjamzito. Mpaka jioni, habari ilishafika Ibadakuli kabla mgonjwa hajazinduka vizuri. Mpaka kesho yake, habari ilishapata mwenyewe: bibi mmoja, jirani, mjane, anaishi peke yake, macho mekundu.

Mliokulia huku mnajua sentensi hiyo inaishia wapi. Kwa wa Dar mnaosoma mkicheka, niwaambie. Usukumani, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, Mwanza na Tabora, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu mtoto wa mtu aliumwa, ng'ombe walikufa, au mganga alinyoosha kidole. Macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu wamepika kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka 50. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, na ilikuwa na sababu. Kwa hiyo ukiandika "huyu kalogwa, hayo meno ya nani?" ukiwa umelala kwenye kochi lako Sinza, kwako ni komenti imepata kura mia mbili. Huku kwetu kuna kijana ameisoma, na anajua nyumba ya bibi iko wapi.

Bibi hakuuawa, tunashukuru. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi. Wanawe walikuja kumchukua usiku na kumpeleka kwao, na nyumba yake mpaka leo ninapoandika ina kufuli mlangoni. Hakuna aliyemuomba radhi. Dada yetu aliniambia kwamba kwenye yote yaliyompata, hili ndilo linalomkosesha usingizi. Anasema, "Mimi nilitolewa uvimbe, yeye akatolewa kwake."

Na msidhani watu kukosea tumbo la mwanamke ni ushamba wa Shinyanga. Mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, mama mmoja anaitwa Jane Todd Crawford alivimba tumbo, na madaktari wa kwao wakaamini ana mimba iliyopitiliza siku. Daktari mwingine, Ephraim McDowell, akampima akamwambia ukweli: huna mimba, una uvimbe wa ovari, na sijawahi kusikia mtu aliyetolewa akapona, lakini ukija kwangu nitajaribu. Yule mama akapanda farasi na tumbo lile, karibu kilomita 100, mpaka Danville. Akafanyiwa upasuaji siku ya Krismasi, bila dawa ya usingizi kwa sababu ilikuwa haijagunduliwa. Ukatoka uvimbe wa zaidi ya kilo 10. Siku ya tano daktari alimkuta anatandika kitanda chake mwenyewe. Akaishi miaka mingine 32. Wazungu wenyewe walianzia kwenye kubahatisha kama sisi, ila wao walimuuliza mwenye mwili kama anakubali, na wakampima badala ya kumtafuta mchawi.

Haya, turudi kwa dada yetu baada ya mtoto kuzaliwa, kule mlikokaa kimya.

Kwanza kabisa kuna majibu ya kinyama. Uvimbe ukitolewa, kipande kinapelekwa maabara kuangaliwa kama kina saratani, na majibu hayatoki siku hiyo. Sasa mama karudi nyumbani ana mshono, mimba inakua, nauli hana. Nani anakwenda kufuata majibu? Kwake ilichukua wiki nyingi, na aliyekwenda alikuwa yule yule jirani wa 115. Majibu yalikuwa mazuri. Je, yangekuwa mabaya yakakaa kwenye droo? Huyu angekuwa anapoteza muda ambao ungemuokoa, huku sisi tunaandika "umepona kwa jina la Yesu". Tumuombee, ndiyo, mimi pia naomba. Ila baada ya amina muulize: majibu ya kinyama umeshayachukua?

Halafu kuna hela. Kikundi cha VICOBA kilimvumilia, wana mfuko wao wa jamii, Mungu awabariki. Ila alikuwa na mkopo mwingine pembeni, ule wa kausha damu. Kausha damu haijui mshono. Wiki ya tatu baada ya upasuaji walikuja wakabeba jokofu, ambalo ndilo lilikuwa biashara yenyewe. Tofautisheni na mtu mwenye ajira rasmi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni mapacha, na siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama anayeuza ugali stendi, au anayepikia wachimbaji kule Katoro na Nyarugusu, likizo yake ni ndugu na majirani. Tukikaa kimya, hana likizo.

Kisha kuna ndoa. Mume alipoambiwa ovari imetolewa alisikia "kizazi kimetolewa". Mama mkwe naye akaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari kwa sauti. Yaani mtu ana mtoto mkononi, wanamuita tasa! Ilibidi mhudumu wa afya amkalishe shemeji amchoree kwenye karatasi: hii imetoka, hii ipo, tumbo la uzazi lipo. Nilisema nitarudia: ovari moja inatosha. Mwambie kaka yako, mwambie na mama yako.

Na la mwisho, ambalo hatulipi uzito, ni kichwa. Alikuwa anamnyonyesha mtoto huku analia na hajui kwa nini. Akiguswa tumbo anashtuka. Kila maumivu kidogo anadhani uvimbe umerudi. Tukamwambia "mshukuru Mungu, wenzio wamekufa". Hii sentensi naomba tuizike. Mtu anaweza kushukuru na kuumia kwa wakati mmoja. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, una matibabu, na mama aliyepasuliwa akiwa mjamzito ana sababu zaidi ya kuangaliwa. Huyu alianza kupata nafuu siku alipokutanishwa na mama mwingine wa Kahama aliyepitia hayo hayo. Hawakufanya kitu kikubwa. Walipigiana simu tu usiku, kila mmoja ananyonyesha kwake.

Najua kuna watakaosema: "Kila mtu ana shida zake, tumechoka kuchangishwa." Nawaelewa. Michango imekuwa mingi na wengine wamekula hela za wagonjwa, tusifichane. Ndiyo maana sikuwekei namba ya kutuma hela hapa. Ninachosema ni kwamba tuna kawaida ya kumwaga kila kitu siku ya upasuaji, siku ambayo mgonjwa kalala na hajui hata nani kaja, halafu wiki ya sita hakuna hata mtu wa kumtekea ndoo ya maji. Gawa kile kile ulichokuwa utoe. Nusu siku ya dharura, nusu iweke ya miezi mitatu mbele.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, sehemu kubwa ni ya serikali. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na tunayo haki ya kuuliza kila siku imefika wapi huku chini. Hospitali za rufaa zina maofisa ustawi wa jamii, na asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa gharama kupitia kwao. Wengi wanaondoka bila kujua ofisi hiyo ipo. Siku hizi mgonjwa wa saratani wa huku halazimiki kwenda mpaka Ocean Road, Dar, maana Bugando pale Mwanza wanatibu. Lakini bima haitakubebea mtoto ukienda kliniki. Mama anayepewa dawa za saratani kwa kawaida hatakiwi kunyonyesha, kwa hiyo kopo la maziwa kwa mtoto wake ni dawa. Hilo serikali haitalileta mlangoni saa mbili usiku. Wewe unaweza.

Kwa hiyo wadogo zangu, dada zangu, na nyie makaka mnaojifanya haya ni mambo ya kike:

Ukiwa mjamzito, wahi kliniki na uulize altrasaundi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau moja kabla ya wiki 24. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika si ya kuchemshia mizizi, ni ya kupiga 115. Na ukiletewa kipimo cha damu cha CA-125 kimepanda, usianze kuandika wosia, kinaweza kupanda kwa sababu ya mimba tu.

Ukimuona mwenzio tumbo limezidi miezi, usihesabu baba. Muulize kama amepima.

Ukisikia nywele na meno, sema neno moja: dermoidi. Liseme kwenye bodaboda, saluni, kwenye grupu la familia. Huko kwetu hilo neno linaweza kuokoa shingo ya bibi wa mtu.

Na wewe uliyeandika "hongera mama" mwaka jana, leo mtumie ujumbe. Usimuulize "vipi, umepona?" maana atakujibu "nashukuru" na mazungumzo yameisha. Mwambie, "Jumamosi nakuja kufua nguo za mtoto, sabuni nakuja nayo."

Mimi Jumamosi hii naenda. Na Jumapili tunapanda gari mimi, yeye, mtoto na mwenyekiti, kwenda kumsalimia bibi huko aliko. Funguo za lile kufuli anazo mwenyewe. Kama atataka kurudi, tutamsindikiza mchana kweupe, kila mtu akiona.